Hita ya draya haikufa, niliiua mwenyewe

Dramu la draya, yaani mashine ya kukaushia nguo, linazunguka vizuri, taa zinawaka, mlio ni uleule wa siku zote, dakika zinashuka mpaka sifuri na mashine inapiga kengele yake ya kumaliza kwa madaha kabisa, unafungua mlango unatia mkono ndani, unakutana na taulo limelowa na baridi kama limetoka kisimani. Hivo ndo ilivoanza. Nikajua tu kuna mtu kachezea vitufe akaweka ile ya hewa ya baridi, nikauliza nyumba nzima nani kagusa, kila mtu kaapa hajagusa, nikaweka mwenyewe joto la juu dakika 60 nikakaa pembeni kama mlinzi. Dakika ya 15 nikafungua. Baridi. Nikafunga, nikangoja tena, baridi. Nikaomba radhi kimoyomoyo kwa wote niliowatuhumu, kwa sauti sikuomba.

Sasa kabla hujakimbilia bisibisi, kaa chini uielewe mashine kwanza, maana draya ni kitu chepesi kuliko inavyoonekana kwa nje. Inafanya kazi tatu tu, inazungusha nguo, inavuta hewa, na inaipasha moto hiyo hewa. Kwenye mashine nyingi mota moja ndo inafanya hizo mbili za mwanzo, kwa mkanda mrefu uliozungushwa kwenye dramu na kwa feni iliyofungwa upande mwingine wa mota. Kwahiyo nguo zikizunguka ujue mota ni nzima, mkanda ni mzima, swichi ya mlango nayo iko sawa, ugonjwa umebaki kwenye njia ya moto peke yake. Na hiyo njia ya moto ni umeme unaopita vituo kadhaa vilivyopangwa kwa foleni: taima au kadi inayoongoza mashine, themostati ya kuongoza joto (themostati ni swichi inayokata na kurudisha umeme kufuata joto), themostati ya usalama, fyuzi ya joto inayokatika moja kwa moja joto likizidi, alafu hita yenyewe. Kituo kimoja kikikatika, foleni yote imesimama. Ndo maana utamsikia mtu analalamika kanunua hita mpya, kaifunga, na bado baridi, kumbe kilichokatika ni kile kifyuzi kidogo cha pembeni ambacho hata hakukitazama.

Na ujue draya yako ni ya aina gani kwanza. Ya gesi haina hita ya umeme, ina kiwashio na moto wa gesi, hiyo mwachie fundi wa gesi usijitie ujuzi. Zile za kisasa zinazofanya kazi kama friji iliyogeuzwa, zenye kompresa, nazo nyingi hazina hita, ukifungua nyuma ukitafuta koili, ule waya uliojikunja unaopata moto, utatafuta hadi kesho. Yangu mimi ni ya zamani, ya hita ya umeme, na hewa yake chafu inatolewa nje kwa paipu. Kama uko sehemu kama Marekani ambako draya inakula volti 240 kwa nyaya mbili za moto, yaani zote mbili zina umeme, kuna mtego mmoja wa kujua, breka (ile swichi ya ubaoni inayojikata umeme ukizidi) ikikatika upande mmoja tu mota inaendelea kuzunguka kwa volti 120 kama kawaida na hita inabaki bila kitu, dalili zilezile kabisa za hita iliyokufa. Huko anza na breka, izime hadi chini kabisa ndo uipandishe tena. Yangu ni volti 230 kwa plagi ya kawaida, umeme ukikosekana unakosekana wote, kwahiyo hapo sikuwa na la kusingizia.

Nikachomoa plagi. Narudia hili, nikachomoa plagi ukutani nikaiweka juu ya mashine niione kwa macho, sio kuzima kwa kitufe ukasema nimezima. Nikaivuta mashine mbele, nikafungua kava la nyuma, skrubu nane za kuanzia, mbili zilikuwa zimejificha chini ya stika. Kitu cha kwanza nilichokutana nacho sio hita, ni pamba. Yaani nyuzinyuzi za nguo, kijivu, laini, zimejaa kila kona kama mtu kapasua mto humo ndani. Nikazifagia kwa brashi ya rangi na kivuta vumbi nikaendelea zangu, sikufikiria mara mbili. Hapo weka alama, tutaparudia.

(Na uvae glavu jamani. Bati la ndani ya hizi mashine wanalikata halafu hawalipigi msasa, kingo zake ni wembe. Nimepata mchaniko kwenye kidole cha shahada ambao bado unanikumbusha kila nikikamua limau.)

Hita yangu inakaa nyuma, ndani ya kasha la bati lenye ukubwa wa kitabu kinene, koili ya waya imepitishwa kwenye vishikizo vya kauri vyeupe ili isiguse bati. Juu ya kasha kuna vidude viwili vya mviringo kama vifungo vya koti, kila kimoja kina nyaya mbili, kimoja ni themostati ya usalama na kingine ni fyuzi ya joto. Kabla sijachomoa waya wowote nikapiga picha tatu kwa simu, ya mbali, ya karibu, na ya ubavuni. Hilo ndo jambo pekee nililofanya kwa akili siku ile. Nyaya zenyewe zimechomekwa kwa temino za bati, vile vibanio vya ncha za waya, na hazitoki kirahisi, usivute waya, shika temino yenyewe kwa plaisi uitikise kidogokidogo inaachia.

Multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, nikaiweka kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani wa waya. Gusanisha ncha zake mbili kwanza uone inasoma karibu na sifuri, ujue betri yake nzima na waya zake hazijakatika, maana kuna watu wametupa spea nzima kwa sababu ya multimita mbovu. Alafu hakikisha umechomoa angalau waya mmoja wa kile unachopima, la sivyo umeme wa multimita unaweza kuzunguka kwa njia nyingine ukakudanganya. Fyuzi ya joto: karibu sifuri, nzima. Themostati: karibu sifuri, nzima. Hita: OL, yaani hakuna njia kabisa, ni sawa na kupima hewa.

Ilitakiwa isome ngapi? Hii hesabu ni tamu na huhitaji kwenda kuuliza mtu. Kwenye kibandiko cha mashine au cha hita kumeandikwa volti na wati, chukua volti zizidishe kwa zenyewe, gawa kwa wati, unapata omu. Hita yangu ni wati 2300 kwa volti 230, kwahiyo 230 mara 230 gawa kwa 2300, jibu ni omu 23, na umeme unaopita ni ampea 10 kamili. Zile kubwa za Marekani zina hita ya wati 5400 kwa volti 240, hizo zinasoma omu 10 na kitu, na zinameza ampea 22 na nusu, ndo maana zinapewa laini yake peke yake. Ukipima ukapata namba iliyokaribia hesabu yako, hita haina kosa, hamia kituo kingine. Pima pia kati ya temino ya hita na bati la kasha, hapo unatakiwa upate OL. Ukipata namba yoyote, koili imelegea imegusa bati, na hiyo ni hatari zaidi ya kukatika, kwanza bati linaweza kuwa na umeme, pili kwenye zile za nyaya mbili za moto hita inaweza kubaki inapasha hata mashine ikiwa imezimwa.

Nikaitoa hita, nikaimulika kwa tochi, nikapaona. Waya umekatika karibu na kishikizo cha kauri, ncha zake mbili zimevimba kama vichwa vya kiberiti, na kuzunguka pale koili imelegea imeachana nafasi kubwa kuliko kwingine. Nikawaza, hee, si niunge tu? Nivute koili kidogo, nisokote ncha mbili, niibane kwa plaisi, kazi imekwisha leo leo na nguo zinakauka usiku huuhuu.

Nikampigia mjomba. Mjomba wangu alikuwa fundi umeme maisha yake yote, kastaafu, lakini ukimpigia kuhusu mashine sauti inarudi ujana.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Umeharibu nini?"

Nikamweleza wazo langu la kuunga. Kimya. Alafu akaniuliza, "hesabu unajua?" Nikamwambia najua. Akasema haya piga, ukiunga utapoteza kipande cha koili, tuseme sehemu moja ya kumi, omu zinakuwa ngapi? Nikapiga, 23 inakuwa 20 na pointi saba. Wati? Zinapanda hadi 2555. "Kwahiyo umechukua waya uliochoka ukauongezea mzigo," akasema, "na pale ulipounga hapajashikana vizuri kama waya mzima, ndo pataiva kuliko kote, patakatika tena, na safari hii kipande kinaweza kudondoka juu ya bati au kuingia kwenye manyoya yako hayo ya nguo. Nunua hita, mpwa." Nikasema sawa mjomba. Ndo nikamuuliza kuhusu waya wenyewe maana nilishangaa umekaa miaka yote ile unageuka mwekundu na kupoa, akanipa somo ambalo sikuliomba lakini nililipenda. Ule ni mchanganyiko wa nikeli na kromiamu, hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi, alipewa Mmarekani mmoja Albert Marsh mwaka 1906, na kabla ya hapo vitu kama hita na birika za umeme vilikuwa shida kwa sababu waya ukipata moto mwekundu mbele ya hewa unaliwa na kutu haraka sana. Huu mchanganyiko ukipata moto kromiamu inajitengenezea ngozi nyembamba juu ya waya, ngozi ile inauzuia usiendelee kuliwa. Unayeyuka kwenye nyuzi 1400 hivi za Selsiasi. Kwahiyo haukatiki upesi kwa sababu ya kufanya kazi yake ya kawaida ya kila siku. Hilo alilisema mara mbili, mimi nikalisikia mara moja, sikio la pili lilikuwa linafikiria nguo mbichi.

Spea nikaagiza kwa namba ya modeli. Kwenye draya nyingi kibandiko kipo ukifungua mlango, pembeni ya tundu, au mgongoni mwa mashine. Andika yote hadi herufi za mwisho, maana mashine mbili zinazofanana kama mapacha zinaweza kuwa na hita mbili tofauti, moja ina koili moja nyingine ina koili mbili kwa ajili ya joto la chini na la juu, na matundu ya skrubu yanapishana milimita chache za kukutia wazimu. Muuzaji akanipa chaguo la hita peke yake au seti yenye hita, themostati na fyuzi. Nikachukua hita peke yake, si vingine nimepima ni vizima? Ujanja huo.

Ilipofika nikaipima kabla ya kuifunga, omu 23 na pointi mbili, safi. Kuifunga ni kurudisha kinyumenyume cha kufungua, sina mengi ya kusema hapo isipokuwa temino. Temino mbili za nyaya zangu zilikuwa nyeusi na zimelegea. Usizichomeke hivohivo. Ampea 10 zikipita sehemu iliyolegea yenye nusu omu tu, hapo panazaliwa wati 50 za joto, hizo ni za chuma cha kuchomelea lehemu, zimekaa kwenye ncha ya waya wako ndani ya mashine iliyojaa pamba. Kata ncha iliyoungua, menya waya upya, bana temino mpya ya kuhimili joto, zipo maalum, zile za plastiki za kawaida zitayeyuka. Nikafanya hivo, nikafunga kava, nikachomeka plagi, nikawasha. Dakika tatu, mkono ndani, moto! Nikajiona fundi mkuu. Nikaisukuma mashine kwa goti hadi ukutani kabisa ikae vizuri, nikaenda kulala.

Wiki saba. Wiki saba tu, alafu taulo likatoka kisimani tena.

Nilikasirika sijui niseme nini. Nikamtumia muuzaji ujumbe mrefu usio na nukta hata moja, nikamwambia ameniuzia feki, nikamwambia hita ya zamani ilikaa miaka tisa yake haijamaliza miezi miwili. Muuzaji akanijibu kwa upole akaniuliza swali moja tu, kama nilisafisha njia ya hewa. Nikaona ananipotezea muda, wauzaji si ndo zao. Nikampigia mjomba nipate wa kuniunga mkono, akaniuliza swali lilelile.

"Hewa inatokaje huko nje?"

"Inatoka tu mjomba."

"Inatokaje?"

Nikatoka nje na simu sikioni, mwenzangu akawasha mashine ndani, nikaweka kiganja kwenye tundu la paipu ukutani. Kibati cha kufunika tundu kile kinachotakiwa kuinuliwa na upepo kilikuwa kimelala, kimetetemeka kidogo tu. Upepo wenyewe, mtu mgonjwa anapumua kwa nguvu zaidi. Mjomba akasikia nimenyamaza, akacheka, akakata simu.

Nikarudi ndani nikavuta mashine. Paipu ya nyuma, ile ya kujikunja kama mnyoo, ya karatasi ya fedha, ilikuwa imebanwa kati ya mashine na ukuta, imelala bapa kama chapati. Kwa goti langu mwenyewe. Na pale kwenye mkunjo, nikaichomoa nikaitikisa, likatoka bonge la nyuzinyuzi limeshikana kama kofia ya sufu, la miaka. Kwahiyo kumbe hita ya kwanza iliuawa taratibu na hiyo kofia, na ya pili niliiua mimi kwa kulaza paipu juu ya kofia hiyohiyo. Muuzaji nilimwomba radhi, safari hii kwa maandishi.

Ndo maana ya lile alilolisema mjomba mara mbili, kwamba waya haukatiki upesi kwa kazi yake ya kawaida. Hita haijipozi yenyewe, inapozwa na hewa inayoipita. Feni inavuta hewa, hewa inapita kwenye koili inabeba moto, inaingia kwenye dramu inabeba maji ya nguo, inapita kwenye filta, inatoka kwa paipu. Ni mto mmoja huo. Ukiuziba mwishoni, mwanzoni nako unasimama. Hewa ikienda polepole koili inabaki na moto wake, inakuwa nyekundu zaidi ya ilivyopangiwa, inalegea, inajikunja, sehemu zinakaribiana, sehemu nyingine zinavutika. Alafu themostati ya usalama inaona joto limezidi inakata, kasha likipoa inarudisha, likipata moto inakata tena, kutwa nzima washa zima washa zima, na kila washa zima waya unatanuka na kusinyaa. Ile themostati ya usalama haikuwekwa ifanye kazi hiyo, imewekwa kama mlinzi wa akiba, kazi ya kila siku ni ya mwenzake wa upande wa hewa inayotoka, anayeshikilia joto kwenye nyuzi kama 50 hadi 70 hivi. Mlinzi wa akiba akifanyishwa kazi kila dakika naye anachoka, na siku akichoka kabisa ndo fyuzi ya joto inajitoa mhanga. Ndo nilichokikuta mara ya pili, hita imekatika, fyuzi nayo OL.

Na kama ulikuwa unajiuliza mbona hukuona dalili, dalili zilikuwepo tele. Miezi kama sita kabla ya hita ya kwanza kufa, nguo zilizokuwa zinakauka kwa dakika 50 zilianza kutaka mzunguko wa pili. Mlango wa mashine ukiugusa unachoma. Chumba kinakuwa na jasho ukutani. Mimi nikawa naongeza dakika tu, tena nilijisifu nimegundua kuweka 90 moja kwa moja ili nisirudi kubonyeza.

Kuhusu hiyo fyuzi, najua utakachofikiria maana nilikifikiria na mimi. Si ni kipande tu cha njia, niunganishe nyaya mbili moja kwa moja nijaribu kama inafanya kazi, baadae nitanunua. Usifanye, hata kwa jaribio la dakika mbili. Fyuzi ya joto mara nyingi haifi kwa uzee wake, inakatika mara moja ili nyumba isiungue, na ikishakatika haijirudishi. Ukiiruka umeacha koili ya wati elfu mbili na ushee ndani ya sanduku la pamba bila mtu wa kusema basi. Kuna mashine nyingine zina kitufe chekundu kidogo cha kubonyeza kurudisha, hizo nazo kabla hujabonyeza jiulize kwanini kiliruka.

Safari hii nikachukua seti nzima, hita, themostati, fyuzi, na nikabadilisha vyote hata ile themostati iliyokuwa bado inasoma vizuri. Mwanzoni niliona ni janja ya wauzaji kuuza seti, sasa naona mantiki, vyote vitatu vimeokwa kwenye tanuri moja, unabadilishaje kimoja unaacha viwili vilivyoungua nacho? Kazi yote ilichukua dakika 40, mara ya kwanza ilichukua jioni nzima. Nikafungua na kasha la feni nikazungusha mapanga kwa kidole nione kama hayajalegea kwenye shafti, maana feni ikilegea inazunguka kwa uvivu na matokeo ni yaleyale ya paipu iliyoziba. Ilikuwa nzima, ila imejaa uchafu katikati ya mapanga.

Alafu filta. Mimi filta nilikuwa naisafisha kila mara, hapo sina dhambi, natoa ule mkeka wa nyuzinyuzi natupa. Kumbe wavu wenyewe ulikuwa umeziba kwa kitu kisichoonekana. Zile karatasi za kulainisha nguo zinaacha utando wa mafuta mwembamba kwenye wavu, kwa macho ni msafi kabisa, lakini ukiweka filta chini ya bomba la maji, maji yanakaa juu kama kwenye sahani. Yangu yalikaa. Nikaisugua kwa mswaki wa zamani na sabuni ya vyombo, maji ya moto, yakapita. Sasa ni kila mwezi.

Kuna na tabia nyingine ya nyumbani kwangu niliyopiga marufuku, kuzima mashine katikati ya mzunguko ili utoe shati moja la haraka, alafu unaondoka umeiacha hivohivo. Zile dakika za mwisho mashine inazunguka bila moto sio za kupoteza umeme, ni za kuipoza koili na kuzipoza nguo. Ukizima ghafla feni inasimama wakati koili bado nyekundu, moto wote unabaki kwenye kasha, na hapo fyuzi inaweza kukatika. Na nguo za moto zilizorundikana zenye mafuta, vitambaa vya jikoni hasa, zinaweza kuendelea kujipasha zenyewe hadi zikashika moto. Mwanangu mkubwa akaniuliza sasa shati la haraka tufanyeje baba, nikamwambia uamke mapema.

Paipu ya karatasi ya fedha nimeitupa. Mikunjo yake yote ile kwa ndani ni vituo vya nyuzinyuzi kupumzika, na haina ubishi ukiisukuma inalala. Nimeweka ya bati ngumu, laini kwa ndani, kipenyo sentimita 10 kama ileile ya zamani, viungo nimevibana kwa mkanda wa alumini, sio skrubu, kwa sababu ncha za skrubu zinatokeza ndani na kunasa nyuzi moja baada ya nyingine. Nikapunguza na kona, zilikuwa tatu zikabaki mbili. Nikawasha, nikatoka nje, kile kibati cha ukutani kimesimama wima kinapiga kelele, upepo wa moto unanifuta jasho usoni.

Tatizo likaja kwenye nafasi. Nilipopima, kati ya mgongo wa mashine na ukuta kulikuwa na sentimita 4 tu pale nilipoisukuma kwa goti, na paipu ngumu ya sentimita 10 haijadiliani na mtu. Ikabidi mashine isogee mbele. Ikisogea mbele mlango wa chumba haufunguki wote, unagonga kona ya mashine, unapita ubavuubavu na kapu la nguo kichwani. Mama watoto akatazama mashine, akatazama mlango, akaniuliza tunahitaji kipi zaidi. Mlango umeegemea ukuta wa ukumbini tangu wiki iliyopita, bawaba zake ziko kwenye droo.